Jicho Lililorefuka

Waswahili husema macho hayana pazia. Msemo huu aghalabu hutumiwa kumtetea mtu aliyeona asichopaswa kukiona: jicho halina mlango, likielekezwa huona. Jioni moja ya mwaka 2017, mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, aligundua kwamba msemo huo una kikomo chake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia pazia, na pazia lenyewe halikushuka kutoka juu kama yashukavyo mapazia ya nyumba, bali lilipanda kutoka chini.

Watu humwita Maalim, na jina hilo linatosha. Alifundisha Kiswahili na hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipostaafu alijipa kazi moja tu: kulihamishia katika hati ya Kirumi daftari la mashairi aliloachiwa na babu yake mzaa baba. Daftari hilo limeandikwa kwa hati ya Kiarabu, wino wake umefifia na pembe zake zimeliwa na mchwa. Aijuaye hati hiyo anajua kwamba uhai wa neno uko katika nukta. Umbo likiwa na nukta moja chini ni be. Likiwa na mbili juu ni te. Likiwa na tatu juu ni the. Nukta ikikosewa, neno hugeuka jingine, mizani hubaki kamili, na msomaji hana habari kwamba mshairi amesingiziwa asilolisema.

Jioni hiyo Maalim alikuwa ameketi na daftari lake, miwani ya kusomea usoni, alipoingiwa na vumbi katika jicho la kulia. Alipokuwa akilifuta, akautazama ukurasa kwa jicho la kushoto peke yake. Pembe ya chini, upande wa kulia, haikuwapo. Palikuwa na kivuli tu, kama cha mtu aliyesimama karibu mno na taa. Na kwa kuwa hati ya Kiarabu huanzia kulia, kivuli kilikuwa kimeumeza ukwapi wa kituo na kuuacha utao ukining'inia. Akalifumbua jicho la kulia, ukwapi ukarudi. Akalifunga, ukapotea tena. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akakifunga kitabu.

Dalili zilikuwa zimetangulia. Kwa muda wa wiki mbili aliona vijidoa vyeusi vikielea mbele ya jicho kama mbu, na usiku, alipogeuza kichwa ghafla gizani, aliona vimwako vya mwanga pembeni. Alivifanyia mzaha. Akamwambia mjukuu wake kuwa ukiona vyaelea vimeundwa, na kwamba bila shaka fundi wake ni uzee. Uzee kweli ulikuwamo katika habari hiyo, lakini haukuwa na mzaha. Daktari wa macho alipommulika asubuhi yake hakumaliza dakika tano.

"Maalim, hili si la kulala nalo," alimwambia. "Boti ya mchana ikuchukue Dar es Salaam. Kitovu cha jicho bado kimeshika. Kikibanduka nacho, tutaweza kukirudisha mahali pake, lakini hatutaweza kukuahidi kwamba herufi zitarudi kama zilivyokuwa."

Nyuma ya jicho, kwa ndani, umetandazwa utando mwembamba uitwao retina, ambao unene wake hauzidi nusu milimita. Hapo ndipo mwanga hupokewa na kugeuzwa kuwa habari za kupelekwa kwenye ubongo. Katikati yake pana sehemu ndogo sana iitwayo makula, na hiyo ndiyo tunayosomea. Sehemu nyingine zote hutuonesha kwamba kitu kipo, makula hutuonesha ni kitu gani. Nafasi iliyobaki ndani ya jicho imejaa ute mzito mfano wa maji ya dafu yaliyoanza kushika. Mtu anapozeeka ute huo hulegea, hunywea na kujitenga na retina. Kwa watu wengi hujitenga kwa salama. Kwa wachache huwa umenata mahali, na unapojivuta huichana retina. Tundu likishapatikana, maji hupenya na kuingia nyuma ya utando, na utando huanza kubanduka. Wakazi wa Mji Mkongwe hawahitaji mfano wa mbali: ndivyo chokaa inavyobambuka ukutani pale unyevu unapopata upenyo. Juu ya ukuta chokaa bado inaonekana nzima, kumbe nyuma yake pana maji.

Picha katika jicho huangukia kichwa chini na pande zake hugeuka. Kwa hiyo kivuli alichokiona Maalim chini kulia kilitokana na tundu lililokuwa juu kushoto, upande wa sikio.

Lau angezaliwa karne moja kabla, safari ya boti isingekuwa na faida. Madaktari wa wakati huo waliwalaza wagonjwa chali kwa wiki nyingi, vichwa vyao vimezuiwa visitikisike, wakitaraji utando ujirudie wenyewe, na ni nadra sana uliporudi. Aliyeibadili habari hiyo ni Jules Gonin, daktari wa mji wa Lausanne nchini Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1870. Wenzake waliyaona matundu ya retina wakadhani ni matokeo ya maradhi. Gonin alishikilia kwamba tundu ndilo sababu, na asiyeliziba hajatibu kitu. Katika miaka ya 1920 alikuwa akilitafuta tundu, akilipima mahali lilipo, kisha akilichoma kwa ncha ya moto kutoka nje ya jicho ili kovu lake lilizibe. Ilipofika mwaka 1929, kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam, waliokuwa wakimpinga walikubali.

Kovu peke yake, hata hivyo, halikutosha pale ambapo ute uliendelea kuvuta. Mwaka 1949, nchini Ujerumani, Ernst Custodis alibuni njia ya kuufuata utando badala ya kuungoja: alishona kipande cha mpira juu ya ngozi nyeupe ya jicho, kwa nje, ili ukuta wenyewe ubonyee ndani na kuukuta utando ulipo. Mwaka 1951 Charles Schepens akaifanya kazi ya namna hiyo mjini Boston, ya kwanza nchini Marekani, na yeye na wenzake wakaiendeleza hata wakawa wanalizungushia jicho mkanda mzima.

Schepens alikuwa Mbelgiji. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijificha katika kijiji cha Mendive, kwenye milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, akajiita Jacques Pérot na kuendesha kiwanda cha mbao. Kazi yake ya siri ilikuwa kuwavusha watu mpakani waingie Hispania, na waliovuka kwa mkono wake walizidi mia moja. Alipogunduliwa alikimbia, akafika Uingereza, na huko ndiko alikotengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani ambacho humwezesha daktari kutazama ndani ya jicho kwa macho yake yote mawili na kuzikagua kingo za retina zilizokuwa hazionekani. Mtu aliyezoea kutafuta njia mahali ambapo wengine waliona mlima mtupu, alikuja kutafuta tundu mahali ambapo wengine waliona giza.

Maalim alifanyiwa mambo mawili kwa pamoja. Alizungushiwa mkanda wa silikoni, na ute wa jicho lake ukatolewa kwa njia iliyoanzishwa na Robert Machemer mjini Miami mwaka 1970, mahali pake pakajazwa kiputo cha gesi. Gesi huelea. Kazi yake ni kuugandamiza utando ukutani hadi kovu likomae, na kwa sababu hiyo mgonjwa hana budi kukaa mkao ambao tundu lake litakuwa juu. Tundu lililo juu upande wa sikio la kushoto lilimtaka alale ubavu wa kulia. Maalim alicheka aliposikia, maana huo ndio ulalo aliousiwa tangu utotoni. Alikatazwa kulala chali, kiputo kisije kikaigusa lenzi, na kwa wiki alizoambiwa asiiname alisali kwa ishara. Alikatazwa pia ndege. Juu angani gesi hutanuka, na jicho halina pa kuitanulia. Mtu anaweza kushuka uwanjani akiwa kipofu wa jicho lile. Alirudi Unguja kwa boti, kama alivyokwenda.

Siku za kwanza hakuona kitu kwa jicho lile isipokuwa mwanga uliochafuka. Kisha juu kabisa pakatokea ukanda mwembamba wa dunia safi, na chini yake mstari mweusi uliotikisika kila alipotembea. Kila siku mstari ulishuka. Mjukuu wake alipomwuliza anaona nini, alimjibu kuwa anaona maji yanakupwa. Hivyo ndivyo gesi inavyoondoka: mwili huinyonya kidogo kidogo, maji ya jicho huchukua nafasi yake, na mwenye jicho huangalia pwani yake ikianikwa. Kuna gesi inayokwisha kwa wiki mbili, na kuna inayodumu kiasi cha miezi miwili. Ya Maalim ilikuwa ya muda mfupi. Siku ilipobaki shanga moja tu ikicheza chini ya jicho, aliingia chumbani, akafunga mlango, akachukua daftari.

Hakuvaa miwani, kwa kuwa hakutaraji kitu. Alilifunika jicho la kulia kwa kiganja na kuusogeza ukurasa. Kiasi cha sentimita thelathini kutoka usoni, herufi zikasimama. Zilisimama nyeusi, zenye kingo, na nukta zao juu na chini kama zilivyotoka kwenye kalamu ya babu yake. Mtu ambaye kwa miaka kumi na tano hakuweza kusoma hata bei ya dawa bila miwani, alisoma shairi zima kwa jicho tupu lililotoka kupasuliwa. Alilia, kisha akapanda darini kwenda kuitazama bahari. Huko hakuona kitu. Vyombo alivyokuwa akivitambua kwa mkato wa tanga vilikuwa madoa meupe juu ya rangi ya samawati.

Aliyoyaona chumbani na aliyoyakosa darini yalikuwa jambo moja. Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Konea, kile kioo cha mbele, na lenzi iliyo nyuma ya mboni huikunja miale ya mwanga ili ikutane barabara juu ya retina. Vioo hivyo viwili havijui kwamba ukuta wa nyuma umesogezwa. Chukua mpira mlaini uliojaa maji, uufunge mkanda kiunoni na kukaza: utabonyea ubavuni na kurefuka mbele na nyuma. Ndivyo mkanda unavyolifanya jicho. Ukuta wa nyuma husogea, kwa kawaida si zaidi ya milimita moja au chini yake, na miale hukutana kabla haijaufikia. Milimita moja ni kitu kidogo, lakini ndani ya jicho ni sawa na namba mbili na nusu hadi tatu za miwani. Mafundi wa miwani huziita dayopta, na hesabu yake ni nyepesi: mwenye upungufu wa dayopta moja huona sawasawa hadi mita moja, wa mbili, nusu mita, wa tatu, theluthi ya mita. Theluthi ya mita ndiyo masafa ya kitabu kilichoshikwa mkononi. Mkanda ulikuwa umeichukua bahari ya Maalim na kumpa ukurasa.

Si kila jicho lililofanyiwa upasuaji wa retina hubadilika hivyo. Aliyetolewa ute bila ya kufungwa mkanda hurefuka kidogo sana au harefuki kabisa. Aliyeshonewa kipande upande mmoja tu huweza kuvutwa konea yake ikapinda, akaona mistari ya upande fulani imefifia na ya upande mwingine imekolea. Aliyejazwa mafuta ya silikoni badala ya gesi, na lenzi yake ya asili ingalipo, husukumwa upande wa pili, akahitaji miwani mizito ya kukuzia mpaka mafuta yatolewe. Na yule ambaye makula yake ilibanduka kabla ya kufika hospitali huweza kubaki na mistari inayopinda pasipo na pindo, kasoro ambayo hakuna miwani inayoinyoosha. Maalim alinusurika na hilo kwa siku moja au mbili.

Hata hivyo hakuwa radhi. Alikuwa na macho mawili yasiyosikilizana, la kulia likimwonesha mwisho wa barabara na la kushoto likimwonesha kiganja chake. Ilipotimia miezi mitatu, jicho lilipokwisha kutulia, alipimiwa miwani yenye kioo cha namba tatu upande wa kushoto. Kila jicho peke yake liliona vyema, lakini yakifunguliwa yote mawili picha ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia, na ngazi za nyumba yake zikamsaliti. Akarudi kwa daktari.

"Utando si umeshashika?" aliuliza. "Basi nitolewe huo mkanda, jicho lirudi umbo lake."

"Mkanda huo ndio unaoulegeza mvuto, Maalim," daktari alimjibu. "Hutolewa ukiingia maradhi au ukijitokeza nje. Usipokuudhi, utakwenda nao kaburini. Na tukiutoa leo, usidhani jicho litakubali kurudi kama lilivyokuwa."

Akaiweka miwani kwenye saraka. Baada ya wiki kadhaa ubongo wake ulijifunza kugawa kazi: barabarani alitangulia na jicho la kulia, kitabuni na la kushoto. Alikuwa amefika hivyo alipoamua kuzirudia kurasa alizokwisha kuzinakili kabla ya maradhi. Alizinakili kwa miwani ya kununua dukani, ambayo hakuna aliyempimia. Katika ukurasa wa kumi na moja alikuta be aliyoiandika te. Katika wa kumi na nne, nukta aliyodhani ni ya herufi ilikuwa tundu la mdudu. Hadi anafika ukurasa wa thelathini alikuwa amehesabu makosa arubaini na mawili, na kila moja lilikuwa neno ambalo babu yake hakulisema.

Mwaka 2019 mwanga ukaanza tena kufifia, safari hii kama kutazama kupitia karatasi iliyopakwa mafuta. Hakuna aliyeshangaa ila yeye. Jicho lililotolewa ute, hasa la mtu aliyepita umri wa miaka hamsini, mara nyingi hupata mtoto wa jicho katika miaka miwili hivi. Lenzi ilipokuwa ikikomaa iliongeza upungufu juu ya upungufu. Kitabu kikasogea sentimita ishirini na tano, kisha ishirini, hata pua ikawa inagusa wino. Ikabidi lenzi ya asili itolewe na kuwekwa ya kutengenezwa. Nguvu ya lenzi hiyo huchaguliwa kabla, kwa kulipima jicho urefu wake wa leo, urefu mpya uliofanywa na mkanda, kwa kuwa kosa la milimita moja humpotosha mtu kwa namba karibu tatu. Na kwa kuwa huchaguliwa, mgonjwa huulizwa.

Daktari alimshauri achukue ya mbali. Macho mawili yatapatana, ngazi zitakuwa salama, bahari itarudi, na kitabu kitasomwa kwa miwani kama wazee wote wasomavyo. Alimkumbusha pia kwamba aliyebandukwa retina ya jicho moja yumo katika hatari kubwa kuliko wengine ya kubandukwa la pili, na kwamba huenda siku moja jicho hili la kushoto likabaki peke yake. Maalim aliomba siku tatu. Ya nne alirudi na jibu.

"Nifanyie la karibu," alisema. "Mbali nimekwisha kuiona, na nikiitaka nitavaa miwani. Kitabu sijakimaliza."

Daktari hakubishana naye. Aliandika namba ya lenzi itakayoukusanya mwanga kutoka theluthi ya mita, masafa yaleyale ambayo mkanda ulikuwa umeyachagua bila ya kumwuliza mwenyewe.

Siku hizi Maalim huenda darini na miwani yake na mjukuu wake. Kijana humwuliza, "Babu, ile inayoingia ni ipi?" naye huivaa, hutazama, hutaja. Kisha huivua, huteremka, na kukaa mbele ya daftari. Zimebaki kurasa zisizofika arubaini. Hakuziendea bado. Amechukua kalamu nyekundu na kuanza upya ukurasa wa kwanza.